Vyeti Vimo Drooni, Nenosiri Analo Mtu Mmoja

Kwenye droo ya chini ya meza yangu ofisini kuna bahasha ya kaki yenye vyeti 11. Kimoja kimekosea herufi ya jina langu. Kingine kina nembo ya hoteli kubwa kuliko nembo ya waliokitoa. Nimevikusanya nikifanya kazi kwenye kampuni za teknolojia hapa Dar es Salaam, tangu nilipokuwa dawati la kupokea simu za wateja mpaka leo ninaposimamia timu inayohakikisha mifumo ya malipo haizimi. Juzi nilivitandaza mezani nikakiuliza kila kimoja swali lilelile: nilipokupata wewe, Jumatatu iliyofuata nilifanya nini kazini ambacho Ijumaa iliyopita nisingekiweza? Vitatu vilikuwa na jibu. Vinane vilinyamaza.

Naanza na kimojawapo cha vile vinane, maana ndicho kilichokuwa kitamu kuliko vyote.

Ilikuwa Bagamoyo, Oktoba 2016, siku tano, hoteli ya ufukweni. Tulikuwa watu 22. Chai ya saa nne ilikuja na sambusa, maandazi na soseji zilizochomekwa vijiti vya meno. Posho ililipwa kila jioni kwa kusaini karatasi. Mada ilikuwa nini cha kufanya mfumo unapoanguka, na mkufunzi aliyeletwa kutoka nje ya nchi alikuwa mtu mpole, amejiandaa, ana slaidi zisizokwisha. Kwa siku zote tano hakuna hata mmoja wetu aliyegusa kompyuta ila kuandika barua pepe za kazi kwa kuibia. Siku ya mwisho tukapewa fomu: ukumbi ulikuwaje, chakula kilikuwaje, mkufunzi alieleweka? Nikatia tiki "vizuri sana" kote, mkoba ukiwa begani. Na kwa haki, yule changu wa kuchoma alikuwa mzuri kweli.

Nilikuja kujua baadaye kwamba huko Marekani, mwaka 1959, mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Donald Kirkpatrick, alishayapanga maswali haya katika ngazi nne. Ya kwanza, je, walifurahi? Ya pili, walijifunza kitu? Ya tatu, wamebadilika namna wanavyofanya kazi? Ya nne, taasisi imepata nini? Fomu yetu ya Bagamoyo iliishia ngazi ya kwanza. Tangu wakati huo nimejaza fomu nyingi, na bado naisubiri itakayonipigia simu miezi mitatu baadaye kuniuliza ile ya tatu.

Desemba ileile, siku za mwisho wa mwezi, mishahara ya wateja wetu ikiwa kwenye foleni ya kutumwa, diski ya seva kuu, kompyuta inayobeba mfumo wetu wote, ilijaa usiku wa saa tano na databesi ikagoma kuwaka. Nilikuwa zamu. Mtu aliyeujua mfumo ule kwa undani alikuwa mmoja tu, tukimwita Fundi. Nenosiri analo Fundi, utaratibu wa kuuamsha mfumo uko kichwani mwa Fundi, na Fundi yuko likizo kijijini kwao mkoani Kigoma ambako simu inashika mtandao ukipanda kilimani. Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi tulikuwa watu 22 wenye cheti cha kushughulikia tukio kama lile. Mmoja akauliza, "Si tulifundishwa haya Bagamoyo?" Mwenzake akamjibu kwa picha ya samaki.

Tukasema, basi turudishe bekapu, yaani nakala za akiba za data. Zilikuwepo. Kila usiku faili moja, lina tarehe yake, limekaa kwa nidhamu kama wanafunzi mstarini. Nikafungua la jana: ukubwa wake sifuri. La juzi, sifuri. Nikarudi nyuma mpaka Agosti kabla ya kukuta faili lenye kitu ndani. Miezi minne mashine ilikuwa ikituandikia kila usiku kwamba kazi imekamilika, na hakuna aliyewahi kujaribu kurejesha hata moja. Hiki ndicho kitu ambacho sijakisahau: nikitazama ile orodha ndefu ya sifuri saa nane usiku, sauti pekee ikiwa ya kiyoyozi.

Fundi alipatikana saa mbili asubuhi. Bahati ikawa kwamba data yenyewe ilikuwa salama, kilichotakiwa ni kufuta takataka fulani na kuuamsha mfumo kwa mpangilio anaoujua yeye. Saa sita mchana tukarudi hewani. Miongoni mwa waliochelewa kupata mishahara ni walinzi wa kampuni moja ya ulinzi, watu waliokesha kama mimi, ila wao walikuwa wakisubiri pesa ya kwenda nayo nyumbani. Wateja wawili walituhama mwezi uliofuata.

Kama mwezi hivi baada ya hapo, tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilipata la kwake. Mhandisi wake, amechoka, usiku umekwenda, alifuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Alipoistukia amri yake na kuikatiza, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakakimbilia bekapu: utaratibu wa kila siku ulikuwa umefeli kimyakimya kwa muda, na barua pepe za kuonya kwamba umefeli zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli yake nyingine kabisa. Wakaieleza dunia yote haya waziwazi, hata kazi ya kurejesha wakairusha mubashara kwenye YouTube. Nilisoma taarifa yao mara tatu. Hawa ni watu wenye ujuzi kuliko sisi, wenye vyeti vizito kuliko vyetu, na walikuwa wamekwama palepale tulipokwama sisi. Nikaacha kujilaumu kwamba hatujasoma vya kutosha. Tulikuwa tumesoma. Hatukuwa tumefanya mazoezi.

Mfano mwingine ninaoupenda, kama kupenda ndilo neno, ni wa Knight Capital, kampuni ya kununua na kuuza hisa kwa kompyuta huko Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012 iliweka programu mpya kwenye seva zake. Zilikuwa nane, fundi akaweka kwenye saba. Soko lilipofunguliwa, ile ya nane ikaanza kununua na kuuza kwa programu ya zamani, na ndani ya dakika kama 45 kampuni ikapoteza dola zaidi ya milioni 440. Mamlaka ya masoko ilipochunguza ilikuta kwamba hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa mtu wa pili kukagua kazi ya wa kwanza. Na kabla soko halijafunguliwa mfumo ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zinazotaja hitilafu ileile. Hakuna aliyezifanyia kazi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amezoeshwa kwamba barua za namna ile ni za kufanyiwa kazi. Nikizifikiria zile 97 nakumbuka ujumbe wetu wa kila usiku: kazi imekamilika.

Sasa twende Kariakoo.

Simu yangu ilivunjika kioo mwaka ule wa 2017, nikaipeleka kwa fundi mmoja mitaa ya Aggrey. Wakati nasubiri nilikuwa namtazama kijana wake, wa miaka kama 17, amekaa kwenye kigoda pembeni. Alikuwa amepewa simu mfu, zile zisizofufuka tena, anazifungua, anang'oa vipande kwa hewa ya moto, anavirudisha, anavunja, anakoromewa kidogo, anarudia. Nikamuuliza fundi, huyu ataanza lini kushika simu za wateja? Akasema, "Dada yangu, akishaua hizi zote." Akaonyesha boksi la viatu lililojaa simu mfu. Hapakuwa na ukumbi wala slaidi. Palikuwa na boksi la vitu vinavyoruhusiwa kuharibika na mtu mzima aliyekaa karibu.

Nikarudi ofisini nikamwomba bosi seva moja ya zamani iliyokuwa ikikusanya vumbi stoo. Hiyo ndiyo ikawa boksi letu la viatu.

Kila Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, kabla wateja hawajachangamka, tunakaa nusu saa. Kuna kopo tupu la Blue Band lenye vikaratasi. Kila kikaratasi kina mkosi mmoja uliowahi kumpata mmoja wetu au uliopata wengine tukausoma: diski imejaa, cheti cha usalama cha tovuti kimeisha muda, benki fulani haijibu, mtu kafuta jedwali. Mdogo kuliko wote kwenye zamu ndiye anayechota. Mmoja wetu anaiharibu seva ya mazoezi kulingana na kikaratasi, na aliyechota anaitengeneza, sisi tukiangalia. Sheria ni moja tu: mwenye ujuzi zaidi haruhusiwi kugusa kibodi. Fundi, siku za mwanzo, alikuwa anaikalia mikono yake. Nasema kweli, alikuwa anaiweka chini ya mapaja na kuikalia, maana vidole vilikuwa vinamwasha.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa aibu. Kijana aliyechota alipewa kurejesha bekapu. Akafungua mwongozo tuliokuwa nao, akafuata hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatua ya nne ilikuwa imeandikwa hivi: muulize Fundi. Chumba kizima kiliangua kicheko, Fundi naye, lakini nadhani siku ile ndiyo tuliyoelewa ugonjwa wetu unaitwaje. Tulikuwa tunaamini kampuni ina ujuzi. Ujuzi alikuwa nao mtu, na kampuni ilikuwa imempangisha.

Kuna jambo ambalo sikulitarajia, la lugha. Bagamoyo mkufunzi alipokuwa akimaliza kila mada na kuuliza kwa Kiingereza kama kuna swali, ukumbi ulikuwa kimya kama msikiti saa ya hotuba. Maswali yalikuja kwenye meza ya chai, kwa Kiswahili, tukiulizana sisi kwa sisi, na mara nyingi tukipotoshana. Alhamisi tulianza kwa Kiswahili bila kupanga, kwa sababu tu mtu aliyebanwa anaongea lugha iliyo karibu. Ghafla watu ambao sikuwahi kusikia sauti zao mkutanoni wakawa wanauliza, na maswali ya msingi kabisa, yale ambayo kila mtu anaona aibu: hivi hii seva ya akiba inajuaje kwamba kuu imekufa? Swali hilo lilitupotezea, au niseme lilitupatia, Alhamisi mbili nzima. Tunachanganya maneno, bila shaka. Seva ni seva. Bekapu tunasema bekapu. Kamusi zina neno chelezo, na mimi wa Tanga nalipenda kwa sababu zake: chelezo ndilo lile boya la mvuvi linaloelea juu ya maji kumwonyesha nyavu zake ziko wapi. Ila nikisema chelezo ofisini wananitazama kama nimevaa kanga kwenye kikao cha bodi.

Bosi wetu wa wakati ule hakupendezwa. Alipita mara moja akatukuta tumesimama kuizunguka kompyuta moja tukicheka, akauliza kwa nini tunacheza saa za kazi. Simlaumu sana. Mafunzo ya Bagamoyo yalikuwa na bajeti, ratiba, picha ya pamoja kwenye ngazi za hoteli. Hili letu halikuwa na hata jina. Lakini watafiti wawili, Baldwin na Ford, waliandika tangu 1988 kwamba mtu kutumia alichofundishwa kunategemea mwanafunzi mwenyewe, namna mafunzo yalivyotengenezwa, na mazingira anayorudi kazini, yaani pamoja na huyo bosi anayepita mlangoni. Unaweza kumpeleka mtu chuo bora duniani. Akirudi akakuta hana ruhusa ya kugusa seva, ujuzi utamwozea mikononi. Bosi wetu tulimpata kwa njia ya mkato. Tulimwomba achote kikaratasi. Alikuwa mhandisi zamani. Alichota, akakwama dakika 20, akatoka jasho, na tangu siku ile hakuna mkutano uliopangwa Alhamisi saa mbili na nusu.

Nije kwenye hofu ambayo kila mwajiri anayo na wachache wanaisema mbele ya wafanyakazi: tukiwafundisha wataondoka. Ni kweli, wanaondoka. Dada mmoja hodari tulimlipia mafunzo ya mitandao na mtihani wake, wa gharama ya kuumiza, akafaulu, na miezi mitatu baadaye akaajiriwa kwingine kwa mshahara ambao hatukuweza hata kuujadili. Vijana wengine siku hizi wanakaa Mbezi na kufanya kazi ya kampuni za Ulaya bila kupanda hata daladala. Kampuni nyingi zinajibu kwa mkataba: ukisomeshwa, utakaa miaka miwili, ukitoka utalipa. Niliwahi kusaini mmoja wa hivyo kwenye kampuni nyingine ambayo sitaitaja. Sikuwahi kuhesabu siku kazini kama nilivyohesabu siku za mkataba ule. Nilikuwa nimebaki, lakini ningekuwa mwajiri nisingependa kuwa na mfanyakazi wa aina niliyokuwa.

Dada yule alipoondoka hasara yetu haikuwa ada ya mtihani. Hasara ilikuwa kwamba hakuna mwingine aliyejifunza chochote kutoka kwake kwa ile miezi mitatu, na kosa hilo ni langu, mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake. Sasa tuna desturi: anayekwenda kusoma anarudi na deni la Alhamisi mbili. Wiki mbili za mwanzo anatuonyesha alichojifunza, kwenye seva ya mazoezi, na anatumbukiza vikaratasi vipya vitatu kwenye kopo. Ikiwezekana tunawapeleka wawili wawili. Waliotutoka tangu hapo tumewaaga kwa keki na kwa moyo mweupe. Fundi mwenyewe aliondoka 2019. Miaka mitatu nyuma habari ile ingenilaza na homa. Ilipokuja nikauliza tu keki iwe ya ladha gani.

Kuhusu pesa, nitasema kidogo. Hapa kwetu mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10 anatozwa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, inayokokotolewa kwa mishahara anayolipa; Julai 2023 ilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Wenzetu Kenya wanatoa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kupitia NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani. Sehemu ya fedha ya SDL huendea VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nami nimefanya kazi na vijana waliotoka huko wenye mikono mizuri. Ila nimekaa kwenye vikao vya bajeti vya kutosha kujua tozo hii inasababisha nini kichwani mwa mkurugenzi: anaona ameshalipia mafunzo, basi. Lile fungu la ndani linabaki jembamba, na fungu jembamba huwa linatumika lote kwa mara moja, hotelini, karibu na Juni, kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Alhamisi zetu zinagharimu nusu saa na kopo la Blue Band. Hazina risiti, na jambo lisilo na risiti ni gumu kulitetea kikaoni.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa Tanga kwenye shughuli ya mtoto wa mdogo wangu. Asubuhi intaneti ikawa nzito, halafu WhatsApp ikakwama kabisa. Nikadhani ni simu yangu, kumbe ni nchi nzima na majirani: nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika. Nikatoka nje uani, nikapiga simu ya kawaida ofisini, tumbo likiwa limeshakaza kama Desemba ile. Akapokea binti aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu kazini. Nikamuuliza hali. Akasema, "Shikamoo dada. Miamala ya ndani inakwenda, tumeshaihamishia njia ya pili. Ile huduma iliyoko kwenye seva za nje haipatikani, tumewatumia wateja meseji kwamba itachelewa. Tatizo moja tu." Nikamwambia, sema.

Tatizo lilikuwa kwamba orodha ya namba za simu za wateja wakubwa, wale wa kupigiwa mmoja mmoja, tulikuwa tumeiweka kwenye jedwali la mtandaoni. Mtandao haupo, orodha haipo. Nusu ya namba walizipata kwenye simu zao, nyingine alizitoa bibi wa mapokezi kwenye daftari lake la wageni. Njia ya pili tulishaifanyia mazoezi mara sita au saba. Orodha hakuna aliyewahi kuiwazia.

Alhamisi iliyofuata kikaratasi kipya kiliingia koponi. Orodha sasa imechapishwa na kubandikwa ukutani karibu na mtungi wa maji, na mara moja kwa mwezi mtu wa zamu anachagua namba tano na kuzipiga, kuona kama bado zinapokelewa na mtu yuleyule. Mwezi uliopita mbili zilikuwa zimebadilika.